Seli za Masti: Panya wa Maabara na Mbuzi wa Mbumbuni

Kupe anapomng'ata mbuzi hapa Mbumbuni, Ukambani, miongoni mwa seli za kwanza kuitikia ni seli za masti. Hukaa ngozini kandokando ya mishipa midogo ya damu, zimesheheni chembechembe za histamini. Zikichokozwa huzimwaga, ngozi ikavimba na kuwasha. Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878, akazipa jina hilo kwa kudhani zimeshiba chakula. Tangu hapo tumezoea kuzitaja kana kwamba ni kitu kimoja popote zilipo, na mazoea hayo ndiyo ninayoyapinga. Lennart Enerbäck wa Uswidi alionyesha mwaka 1966 kwamba seli za masti za utando wa utumbo wa panya hazionekani vizuri sampuli ikihifadhiwa kwa formalini ya kawaida, ilhali zile za ngozi huonekana bila shida. Tofauti hiyo si ya kuonekana tu. Katika panya, seli za ngozini hubeba heparini, za utumboni hubeba kondroitini. Kwa binadamu, nyingi za vifuko vya hewa mapafuni zina kimeng'enya cha triptesi pekee. Za ngozini zina triptesi na kimeng'enya kingine, kimesi. Panya huhifadhi serotonini kwa wingi ndani ya seli hizi, binadamu kidogo mno. Dawa ya kromoglikati huzizuia barabara seli za masti za uwazi wa tumbo la panya, lakini za ngozi ya binadamu haizigusi. Mzio mkali humshambulia mbwa kwenye ini. Mtu, mzio huohuo humbana pumzi na kumshusha shinikizo la damu.

Atakayenipinga atasema asili ya seli hizi ni moja, na zote hubeba kipokezi kilekile cha kingamwili za mzio, basi tofauti ni za juujuu. Kipokezi nakikubali. Asili siikubali kirahisi: tafiti za panya wadogo za mwaka 2018 zilionyesha kwamba seli nyingi za ngozini hupandikizwa mnyama angali tumboni mwa mamaye, na zile za utando wa utumbo huja baadaye kutoka ubohoni. Hata zilizotoka ubohoni hutoka changa, zikakomalia katika tishu zinakotua. Wengine watasema panya ni nafuu, anatosha kwa utafiti. Ni kweli, mwaka 2006 ilibainika kwamba seli za masti za panya wadogo hupunguza madhara ya sumu ya nyoka na ya nyuki, na ile ya nyoka huivunja kwa vimeng'enya vyake. Kwa Ukambani, kwenye mizinga na nyoka wengi, hilo ni jambo zito. Lakini ngozi ya panya si ngozi ya mrina asali, na aliyekwisha kupata mzio wa nyuki huweza kuuawa na seli hizohizo.

Kwa mbuzi gharama ya kukosea iko wazi zaidi. Minyoo inapomshambulia, seli za masti za utumboni mwake huweza kugeuka, zikajaa matone makubwa hata wataalamu wa zamani wakazidhania aina nyingine ya seli. Maabara itakayotumbukiza utumbo wake katika formalini peke yake, kisha ikahesabu kwa kipimo cha ngozi ya panya, huenda ikaandika kwamba mbuzi huyo hana kinga pale ambapo kinga yake inafanya kazi kwa nguvu zote.