Ini Lililobaki Lina Habari

Leo tupo kwenye saratani ya ini, na swali ambalo mgonjwa humuuliza daktari hata mshono haujakauka: uvimbe utarudi?

Karibu kila seli mwilini mwako imebeba jeni zilezile, ila si zote zilizo kazini. Jeni inapofanya kazi, seli hutoa nakala za ujumbe wake, ziitwazo RNA. Ukizipima nakala hizo, utajua jeni ipi inachapa kazi na ipi imelala.

Tatizo ni kwamba, kwa miaka mingi, kipimo hicho kilitaka nyama iliyogandishwa papo hapo, na hospitali nyingi hazina akiba hiyo. Zilicho nacho ni vipande vilivyotiwa fomalini, vikazamishwa kwenye nta na kupangwa makabatini. Mwaka 2008 mtafiti Yujin Hoshida na wenzake walionyesha kuwa hata vipande hivyo, vingine vya zaidi ya miaka 20, bado vinasomeka. Wakapima jeni zipatazo 6,000 kutoka kwa wagonjwa 82 wa Japani waliofanyiwa upasuaji.

Nyama ya uvimbe wenyewe haikuwaonyesha nani angeishi muda mrefu. Jibu walilipata kwenye ini la pembeni, lile analobaki nalo mgonjwa! Humo, jeni 186 ziliwatenganisha wenye hali njema na walio hatarini. Walipowapima wagonjwa wengine 225 wa Marekani na Ulaya, mambo yakawa yaleyale.

Mimi naona hili ni jambo kubwa. Ini lililoumizwa miaka na miaka na virusi vya homa ya ini aina ya B au C, au na pombe, linaweza kuotesha uvimbe mpya hata kama ule wa kwanza uliondolewa wote. Kwetu Afrika Mashariki ongeza sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga.

Kipimo hiki cha jeni bado si cha kila siku kliniki. Daktari huangalia ukubwa na idadi ya uvimbe, mishipa ya damu iliyoingiliwa, na nguvu ya ini. Lakini wewe uliyepasuliwa, muulize: virusi vya B nimepimwa? Vikiwemo, zipo dawa za kuvifubaza, na hupunguza uwezekano wa saratani kurudi. Na tarehe ya ultrasaundi ikifika, nenda, hata kama hakuna panapouma.