Udongo na Mwendo wa Maji
(Maneno ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Katika siku ya furaha kama hii katibu hutazamiwa kusoma hesabu: magunia mangapi ya mahindi, ngano, mbaazi na alizeti yalipita mizanini, na fedha kiasi gani zililipwa. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi tumeomba ruhusa kusema juu ya mali ambayo kwa miaka kumi haikuandikwa katika daftari lo lote la ofisi yetu, nayo ni maji ya mvua: yale yaliyoingia mashambani, na yale yaliyotukimbia.

Mvua ya milimeta 25, ambayo yaweza kunyesha alasiri moja, humwaga juu ya eka moja lita zipatazo 100,000, yaani mapipa 500 ya lita 200. Mapipa hayo hatuyalipii ushuru wala nauli. Lakini anayeamua kama yatakuwa yetu si mvua, bali ni udongo.

Udongo, ndugu zetu, ni chembe, na kati ya chembe mna matundu. Chembe kubwa ndizo mchanga. Zile za kati, laini kama unga, ni tope. Na zilizo ndogo kabisa, zisizofikia sehemu mbili za elfu za milimeta, ndizo mfinyanzi. Mchanga una matundu makubwa, hivyo maji hupita upesi wala hayakai. Mfinyanzi una matundu madogo mno: hushika maji mengi, lakini huyapokea polepole, na mengine huyang'ang'ania hata mzizi usiweze kuyavuta. Ndiyo sababu udongo mweusi wa mbugani hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, humeza mvua ya kwanza, kisha huvimba, nyufa hujifunga, na maji husimama juu.

Aina ya chembe hatuwezi kuibadili. Lakini jinsi zinavyoshikamana ni kazi ya mikono yetu. Samadi, mizizi na mabua yaliyooza huziunganisha ziwe mabonge madogo, na kati ya mabonge hubaki njia za maji na hewa. Matone ya mvua yakiupiga udongo mtupu huyavunja mabonge hayo, chembe zake huziba matundu, na uso wa shamba hufanya gamba. Kadhalika jembe la trekta lipitalo kila mwaka katika kina kile kile hufanya chini yake tabaka gumu kama sakafu.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Mwaka mmoja mvua ziliwahi, na orodha ya wanachama waliongojea trekta ilikuwa ndefu. Sisi wa ofisini, kwa kuogopa manung'uniko, tuliamuru trekta liingie mashambani udongo ungali mbichi. Kazi ilikwisha kwa siku chache, tukasifiwa. Msimu uliofuata maji yalisimama juu ya mashamba yale yale, mahindi yakawa ya manjano; kisha wiki mbili tu za jua zikatosha kuyanyausha, maana mizizi ilifika kwenye sakafu ile ikapinda kando. Mzee mmoja mwanachama alichimba shimo, akatuita, akauchoma ukuta wa shimo kwa kisu. Juu kisu kiliingia. Kwenye kina cha shibiri moja kilikataa. Mzee hakusema neno, wala sisi hatukuwa na la kujibu.

Elimu hii si ngeni kwetu. Huko Iraqwar Da'aw, pande za Kainam, ambako ardhi ni haba na miteremko ni mikali, Wairaqw tangu zamani hulima matuta ya kukingama na mteremko, huzika ndani yake magugu na mabua, hutia samadi ya zizini, na huchimba mifereji ya kuondoa maji yaliyozidi.

Na mfereji huo una maana yake. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Serikali ilieleza ya kwamba sehemu ya mlima ilinyonya maji mpaka ikadhoofika na kumeguka. Hatusemi kwamba jembe la mkulima ndilo lililoleta msiba ule. Twasema tu kwamba udongo una kipimo chake: uwandani hapana budi maji yaingie; mlimani hapana budi yaliyozidi yapewe njia salama, na miti iachwe isimame.

Basi twaleta maombi matatu. Kwanza, trekta la Chama lisiingie katika shamba bichi. Chukua udongo wa kina cha kulimia, uuviringishe viganjani. Ukifanyika kamba, ngoja. Pili, mabua yasichomwe. Twajua ni chakula cha ng'ombe; basi nusu iende zizini irudi kama samadi, na nusu ibaki kuufunika udongo. Tatu, Mkutano Mkuu ukubali kununua chuma cha kuchania tabaka gumu wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu.

Maombi haya yana gharama. Aliye mwisho wa orodha atachelewa kupanda, na pengine atatulaumu. Lakini yafaa tulaumiwe kwa kungoja siku nne kuliko kuliharibu shamba la mtu kwa miaka minne. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Kabla hamjapiga kura, kila mmoja achimbe shimo shambani mwake, achome ukuta wake kwa kisu, aone kinapokataa. Na katika kitabu cha miaka ishirini, katibu atakayekuwapo, pamoja na magunia, awasomee pia kina ambacho kisu kimefika.