Migori au Homa Bay: Wapi pa Kukaa?



Kijana amalizapo masomo, au mtu aoapo, hapana budi ajiulize swali moja: maskani yangu yatakuwa wapi? Kusini mwa Nyanza, swali hilo mara nyingi ni la kuchagua baina ya Migori na Homa Bay. Zamani sehemu hizi zilikuwa wilaya moja. Tangu mwaka 2013 kila moja ni kaunti yenye serikali yake. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 zakaribiana sana: Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950, na Migori 1,116,436. Lakini maisha yake hayafanani.

Kwanza, tutazame hali ya hewa. Mji wa Homa Bay uko ukingoni mwa Ziwa Victoria. Huko kando ya ziwa joto ni kali, na mvua huweza kukatika mahindi yakali machanga. Mji wa Migori uko juu zaidi, na upande wa Rongo na Kuria mvua ni nyingi na usiku una ubaridi. Hata hivyo asidhani mtu ya kuwa kaunti nzima ni sawa. Nyatike, iliyo Migori, ni nchi kavu yenye joto, na Kasipul, iliyo Homa Bay, ina rutuba na mvua. Malaria nayo iko pande zote mbili. Chandarua si anasa.

Pili, kazi. Homa Bay hutegemea sana samaki: omena, ngege na mbuta. Mvuvi hupata fedha usiku kwa usiku, lakini pepo zikivuma, au uvuvi wa omena ukifungwa ili samaki wazae, mfuko hukauka. Migori ina miwa. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilianzishwa mwaka 1979, na mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa kampuni ya watu binafsi kwa miaka 30. Muwa huchukua mwaka na nusu, pengine zaidi, kabla ya kukatwa. Basi mkulima asiye na shamba la chakula atakopa kabla ya kuvuna. Tena kuna dhahabu ya Macalder na kwingineko, lakini mashimo huporomoka, na zebaki itumiwayo kuisafisha ni sumu. Biashara nayo imestawi katika barabara kuu iendayo Isebania, mpakani mwa Tanzania.

Tatu, gharama. Kando ya ziwa kitoweo ni rahisi, bali unga na mboga huenda vikatoka mbali, na maji ya ziwani hayafai kunywewa bila kuchemshwa. Migori nafaka hupatikana kwa urahisi zaidi, lakini chumba kilicho karibu na barabara kuu chaweza kumeza faida ya duka dogo.

Basi mtu apimeje? Wengi hulinganisha mshahara wa mwezi mzuri na mwezi mzuri. Hilo ni kosa. Andika katika daftari miezi yote 12. Weka alama penye miezi isiyo na mapato, kisha uhesabu kodi, unga, karo na dawa za miezi hiyo. Mahali patakapokuwezesha kuivuka bila deni ndipo pazuri kwako, hata ikiwa mapato yake ya mwezi mmoja ni madogo. Tena usiende kupatazama wakati wa mavuno tu. Nenda wakati wa njaa, uulize bei sokoni, uulize na wenyeji walio na kazi kama ile uitakayo.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye shamba kwao asiliuze kwa sababu ya habari za dhahabu au za mbuta. Na aendaye, aende na akiba ya miezi mitatu, ili asimtegemee mwenyeji wake.