Simu Mfukoni na Faragha ya Mtuhumiwa
Simu ya mtu apitaye njia ya Gatumba, hata asipompigia yeyote, huwasiliana na mnara ulio karibu, na kampuni huhifadhi athari ya nyendo zake. Nao polisi wakiitaka athari hiyo kwa ajili ya tuhuma, Katiba ya Burundi ya 2018, kifungu cha 43, yakataza kuingilia faragha ya mtu kiholela. Juni ya mwaka huohuo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilihukumu, katika shauri la Carpenter, aliyeshitakiwa kwa unyang'anyi, kwamba polisi kwa kawaida wahitaji kwanza hati ya hakimu ili kupata athari kama hiyo. Tena athari hiyo si ushahidi kamili: mnara hushuhudia simu tu, wala haumjui aliyeishika. Na huku Gatumba, mpakani mwa Burundi na Kongo, simu yaweza hata kushika mtandao wa Kongo.