Kiwanda cha Bia Chenye Kiingilio



Wako watu wanaolipa kiingilio ili waoneshwe bia inavyotengenezwa. Kule Dublin, Ireland, Arthur Guinness alikodi kiwanda mwaka 1759 kwa mkataba wa miaka 9,000, kodi pauni 45 kwa mwaka. Tangu mwaka 2000 jengo moja la kiwanda hicho, lenye ghorofa saba, ni la watalii. Huoneshwa shayiri, maji, hamira; kisha hupanda juu kabisa kunywa glasi moja huku wakiutazama mji. Bia hiyo wangeipata baa yoyote. Wanacholipia ni masimulizi.

Masimulizi hata sisi tunayo. Kule Marangu, Kilimanjaro, wageni huoneshwa mbege inavyopikwa: ndizi mbivu, kimea cha ulezi, na gome la msesewe la kutia uchungu.

Je, Kilosa? Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko jirani. Mtalii hupiga picha tembo, akaondoka zake. Lumuma, huko milimani kwenye vitunguu vya umwagiliaji, hapajui. Na huko, kama vijijini kwingi, wamo akina mama wanaosomesha watoto kwa pombe ya kienyeji. (Gongo tuiache hukohuko mafichoni.)

Hofu yangu ni moja: mwenye gari asije akapokea dola mjini, mama mpishi akaambulia bei ya kopo moja. Basi kiingilio kiandikwe ubaoni, pale kilabuni, na mgeni amlipe mama mkononi kabla pombe haijamiminwa.