Minyoo ya Ng'ombe: Maneno kwa Wafugaji wa Rungwe

Leo nataka kusema juu ya adui alaye mali yetu usiku na mchana, naye haonekani: minyoo.

Nchi yetu ina mvua nyingi na majani tele. Ndiyo sababu ng'ombe wa maziwa wamestawi hapa. Lakini unyevu uoteshao majani ndio uileao minyoo. Basi mtu akiona ng'ombe wake anakonda penye malisho mazuri, asikimbilie kusema amerogwa.

Iko minyoo ya namna mbili ya kuogopwa sana. Ya kwanza ni minyoo myembamba ya tumboni. Mmoja wa jamii hii hunyonya damu, na jike lake hutaga maelfu ya mayai kila siku. Mayai hutoka pamoja na mavi, huanguliwa malishoni, kisha vijana wake hupanda juu ya majani yenye umande, wakingoja kuliwa. Ndama ndio waumiao zaidi: wengine huharisha, manyoya husimama, ufizi huwa mweupe, na uvimbe wa maji hutokea chini ya taya.

Ya pili ni minyoo bapa ya ini, yenye umbo la jani. Hii haiwezi kuendelea pasipo konokono wadogo wa majini. Kijana wake humwingia konokono, hutoka, kisha hujishikiza katika majani ya kandokando ya maji. Ng'ombe akiyala, minyoo hutoboa ini lake majuma mengi, ndipo hukaa katika njia za nyongo. Wachinjao ng'ombe huyajua sana maini hayo magumu yasiyofaa kuliwa.

Hapa nataka kusahihisha neno moja. Wengi husema, "Ng'ombe wangu yu bandani siku zote; minyoo ataipata wapi?" Ataipata katika mzigo wa majani uliomletea kutoka bondeni wakati wa kiangazi. Panda matete na majani ya Guatemala mahali pakavu, karibu na nyumba. Na kama huna budi kukata bondeni, kata sehemu ya juu isiyoguswa na maji, uianike juani siku kadhaa, hatari itapungua.

Sasa dawa. Albendazoli huua minyoo myembamba, na kwa kipimo kikubwa zaidi huua minyoo ya ini iliyokomaa, si michanga. Triklabendazoli huua ya ini, mikubwa na michanga, lakini haiui myembamba. Aivamektini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1981, huua myembamba, bali ya ini haiwezi. Anunuaye dawa pasipo kumjua adui wake ni kama mtu achukuaye mundu kwenda kuchota maji.

Shikeni mambo manne. Kwanza, mwiteni Bwana Mifugo ili mavi yapimwe, mjue ni minyoo gani. Pili, pimeni uzito wa ng'ombe kwa utepe wa kifuani. Albendazoli kwa minyoo myembamba ni miligramu 7.5 kwa kila kilo, na kwa ya ini ni miligramu 10. Ng'ombe wa kilo 300 hutaka 2,250 au 3,000. Kugawanya dawa ya mmoja kwa wawili ni kuifundisha minyoo kuizoea dawa. Wafuga farasi wa Ulaya wameyaona haya: waliwanywesha farasi mara kwa mara bila kupima mavi, na leo, mahali pengi, dawa za jamii ya albendazoli haziwezi kuua minyoo midogo ya farasi. Tatu, msimpe albendazoli ng'ombe mwenye mimba changa, kwa maana huweza kumdhuru mtoto. Nne, someni karatasi ya dawa, mjue siku ambazo maziwa na nyama havifai kuuzwa wala kuliwa nyumbani.

Walimu, wafundisheni watoto kuisoma karatasi hiyo na kupiga hesabu ya kipimo, kwa maana ndio wawasomeao wazazi wao. Wazee, ninyi mwaijua thamani ya ng'ombe: kwa ng'ombe mtu ameoa, na kwa maziwa mtoto amesomeshwa. Mali ya namna hii haifai kuachiwa minyoo.