Mashine Huonyesha, Mtu Ndiye Aonaye

(Hotuba iliyotolewa na daktari wa tiba ya dharura, mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, katika mkutano wa mwaka wa Chama.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, waalimu wetu wapenzi, ndugu zangu tuliolala bweni moja na kula ugali wa sufuria moja, na ninyi wadogo zetu mnaoyakalia leo madawati yetu:

Nakushukuru, Ndugu Mwenyekiti, kwa kunipa nafasi hii. Katika barua yako uliniomba nizungumze juu ya kazi yangu. Kisha chini ya sahihi ukaongeza kwamba Chama kimekusudia kuchanga fedha za kuinunulia hospitali ya wilaya mashine ya altrasaundi ya kutumia kando ya kitanda cha mgonjwa, ukaniuliza kama jambo hilo lina maana. Nimeyaunganisha maombi hayo mawili. Jibu langu ni fupi: lina maana kubwa, lakini kwa sharti moja. Sharti hilo ndilo hotuba yangu.

Nianze na ninyi wadogo zangu, maana mambo haya mnayo tayari katika madaftari yenu ya fizikia. Ukisimama mbali na ukuta wa bwalo ukapiga makofi, sauti huenda, hugonga, hurudi. Huo ni mwangwi. Ukiujua mwendo wa sauti na muda uliopita, utajua ukuta uko umbali gani. Popo huifanya hesabu hiyo usiku kucha bila ya kalamu. Altrasaundi ni mwangwi huo huo, ila sauti yake ni nyembamba mno hata hatuwezi kuisikia. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Lakini probu, yaani kile kichwa cha mashine tunachokiweka juu ya ngozi, hutoa mitetemo milioni 2 hadi 5 kwa sekunde tunapopima tumbo. Ndani ya mwili sauti husafiri kadiri ya mita 1,540 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 130 za milioni moja ya sekunde, mashine hutia nukta mahali penye kina cha sentimita 10. Kokotoeni wenyewe jioni ya leo, na msisahau kwamba sauti imekwenda na kurudi. Nukta nyingi za namna hiyo ndizo picha yenyewe.

Elimu hii haikuzaliwa hospitalini. Ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Baadaye mafundi wa viwandani wakaitumia sauti hiyo kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma. Daktari wa uzazi wa Glasgow, Ian Donald, akaichukua mashine ya mafundi na kujiuliza kama haiwezi kutazama uvimbe ndani ya tumbo. Yeye na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1958. Kwa hiyo basi, kijana akikuambia kuwa fizikia haina kazi, mweleze habari za Curie na Donald.

Kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa kubwa kama kabati. Zilikaa katika chumba chake, na mgonjwa ndiye aliyepelekwa huko. Lakini mgonjwa wa dharura, ambaye presha imeshuka na damu inavuja, mara nyingi hapelekeki. Mashine zilipopungua ukubwa, madaktari wa dharura wakaanza kuzileta kitandani na kupima wenyewe. Chama cha Madaktari wa Dharura cha Marekani, ACEP, kilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya kazi hiyo mwaka 2001. Hapa kwetu Tanzania, Idara ya Tiba ya Dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kuwafundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Mimi nilifuata nyuma yao.

Sasa, ndugu zangu, daktari wa dharura hutafuta nini kwa mashine hii? Hatafuti picha nzuri ya kutundika ukutani. Huuliza swali moja, lenye jibu la ndiyo au la. Je, kuna damu tumboni? Je, moyo umezungukwa na maji? Je, pafu linateleza ndani ya kifua kama ipasavyo, au hewa imeingia pasipo pake?

Tuchukue damu ya tumboni. Mtu aliyelala chali akivuja ndani, damu huteremkia mabondeni kama maji ya mvua. Mabonde hayo tunayajua: kati ya ini na figo la kulia, kati ya wengu na figo la kushoto, na chini kabisa nyuma ya kibofu cha mkojo. Kisha tunatazama mfuko unaouzunguka moyo. Mahali panne tu. Damu mbichi huonekana nyeusi, kwa sababu haina kitu kigumu cha kurudisha mwangwi. Mwenye mkono mwepesi humaliza kwa dakika chache, huku wauguzi wakiendelea kutundika damu na dripu. Fikirini mama kijana aliyeletwa akiwa amezimia, kipimo cha mkojo kinaonyesha ana mimba, na mashine inaonyesha weusi kando ya ini. Yaelekea sana kwamba mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na mrija umepasuka. Mama huyo hahitaji kusubiri picha nyingine. Anahitaji chumba cha upasuaji.

Hayo ndiyo mazuri yake. Lakini nimesema pana sharti, na sasa ninalifikia.

Mashine huonyesha, mtu ndiye aonaye. Siku ya kwanza nilipokabidhiwa probu niliona kijivu kitupu, kama anga la masika. Mwenzangu aliyenitangulia alitazama kioo hicho hicho akasema, "Hili ini, hili figo, na huu ni utumbo wenye hewa." Sauti hii haipiti vizuri katika hewa wala katika mfupa, ndiyo maana tunapaka jeli, na ndiyo maana tunapenya katikati ya mbavu. Ukiinamisha mkono kidogo tu, figo linatoweka. Jambo hili halipatikani kwa kusoma kitabu, kama vile hakuna aliyejifunza kuogelea ubaoni. ACEP wameweka kadirio: kwa kila aina ya uchunguzi, mwanafunzi afanye 25 hadi 50, zikakaguliwe na aliyemzidi. Angalieni neno hilo "zikakaguliwe". Anayepima mara hamsini bila ya kukaguliwa huenda akawa amelirudia kosa moja mara hamsini.

Mwalimu wangu alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza kwa mtu yeyote. Usipoiona damu, usiandike "Hakuna damu." Andika "Damu haijaonekana," kisha andika saa. Vijana wa mwaka wa kwanza walicheka, wakidhani ni ubishi wa sarufi. La hasha. "Hakuna" ni habari ya mgonjwa; "haijaonekana" ni habari ya jicho langu saa hiyo. Damu kidogo haionekani kwa mashine hii, na damu inayovuja polepole leo ni kidogo, baada ya nusu saa ni nyingi.

Usiku mmoja tuliletewa kijana aliyeanguka na bodaboda. Alikuwa akizungumza, akiulizia simu yake. Nikapima mahali pote panne, nikaandika: damu haijaonekana, saa 2:10 usiku. Kwa kuwa neno lilikuwa "haijaonekana", kazi ilikuwa bado haijaisha, nami nikabaki naye. Saa 2:40 mapigo yake yalikuwa yamepanda na viganja vimepoa. Nikarudia. Kati ya ini na figo palikuwa na utepe mweusi, mwembamba kama uzi wa kiatu. Daktari wa upasuaji alipomfungua alikuta wengu umechanika. Kijana yule alitoka hospitalini kwa miguu yake. Ningalikuwa nimefundishwa kuandika "hakuna", angalipelekwa wodini kulala.

Baada ya hatua hiyo kuna elimu ya juu zaidi, na huko ndiko mtu anapojifunza kuiogopa mashine kwa adabu. Chukueni moyo uliosimama. Mgonjwa anakandamizwa kifua ili damu ifike kwenye ubongo. Kila baada ya dakika mbili tunasita kidogo, tusizidi sekunde 10, kuangalia kama mapigo yamerudi. Katika kipindi hicho probu inaweza kutuambia mengi: kama moyo unatikisika, kama umebanwa na maji. Lakini kuna utafiti uliofanyika Marekani. Huu ninaousema ni wa mwaka 2017, na ulionyesha kwamba pale altrasaundi ilipotumika, kusita kulichukua wastani wa sekunde 21, na pale isipotumika, sekunde 13. Yaani daktari aliyekuwa akiutafuta uhai katika kioo aliuacha ubongo bila ya damu kwa muda mrefu zaidi. Dawa yake si kuitupa mashine, bali ni nidhamu. Probu iwekwe mahali pake kabla ya kusita. Mtu mmoja ahesabu kwa sauti. Picha irekodiwe, mikono irudi kifuani, ndipo picha itazamwe. Siku hizi katika baadhi ya hospitali kubwa za ng'ambo hupitisha probu nyembamba kooni hadi nyuma ya moyo, ili moyo uonekane pasipo kusimamisha mikono kifuani. Lakini hiyo yahitaji mafunzo mengine na ulinzi mwingine wa mgonjwa.

Hali kadhalika nisiwafiche jambo jingine. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Amerika Kaskazini na Afrika Kusini kwa wagonjwa walioletwa presha ikiwa imeshuka bila ya sababu kujulikana. Baadhi walipimwa kwa altrasaundi mapema, wengine hawakupimwa. Idadi ya waliopona haikutofautiana. Wengine wakasema basi mashine haina faida. Mimi nasema utafiti ule unatufundisha kitu kingine: kuona peke yake hakuponyi mtu. Anayeponya ni yule anayeona, akalijua analoliona, na akawa na la kutenda: damu katika benki, daktari wa upasuaji aliye macho, gari la rufaa lenye mafuta.

Ndugu Mwenyekiti, sasa ninarudi kwenye swali lako. Nimesikia hapa tangu asubuhi kwamba mashine za siku hizi ni ndogo, nyingine huchomekwa kwenye simu, na kwamba madaktari ni wasomi, watajifunza wenyewe. La kwanza ni kweli. La pili nalipinga kwa heshima zote. Tukinunua mashine peke yake tutapiga picha siku ya kuikabidhi, nayo italala kabatini, au, vibaya zaidi, itashikwa na mtu asiyefundishwa atakayemwambia mama anayevuja damu, "Hakuna kitu, nenda nyumbani." Mashine ya namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na mashine, kwa maana humpa mtu uhakika asiostahili kuwa nao.

Kwa hiyo naomba mchango wetu ugawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza linunue mashine ya kadiri, si ile ya fahari. Fungu la pili limlipe mwalimu wa kuja na kurudi kwa mwaka mzima, akae na madaktari na matabibu wa hospitali ile kando ya wagonjwa wao, na kuikagua kila picha waliyoihifadhi. Fungu la tatu liwe la jeli, betri na matengenezo, maana probu ikianguka sakafuni huweza kuwa ndiyo mwisho wake. Tena tuwaombe waweke daftari moja: saa, swali lililoulizwa, jibu lililopatikana, na mwisho wa mgonjwa. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo lisomwe katika mkutano huu huu. Hapo ndipo tutajua kama tulitoa msaada au tulitoa pambo.

Najua fungu la mwalimu halina kibao cha shaba cha kuandika jina la Chama. Lakini, ndugu zangu, tuulizane: katika shule hii tunakumbuka nini? Darubini za maabara tunazikumbuka kidogo. Tunamkumbuka sana mwalimu aliyesimama nyuma ya mabega yetu na kutuambia tutazame tena.

Nanyi wadogo zangu, sikuja kuwashawishi nyote muwe madaktari. Nchi inahitaji wengi wa aina nyingi. Nawaomba jambo moja tu, ambalo litawafaa hata mkiwa mafundi, wahasibu au mahakimu. Mtakapotafuta kitu msikione, mseme kweli: hakijaonekana, saa fulani, kwa jicho langu. Kisha mrudi mtazame tena.